Uzito wa Ulmas

Mfuko ule niliushona mimi. Nasema mapema, asije mtu wa mtaa wa chini akadai ulinunuliwa sokoni. Ni turubai la hema, mshono mara mbili, mdomo wa kufungwa kwa kamba. Kazi yangu ni magodoro na makoti ya pamba, na tangu nilipoolewa hapa Kokand hakuna binti wa mtaa wetu aliyekwenda kwa mumewe bila godoro la mkono wangu. Mifuko ya mchanga sishoni. Lakini aliyekuja kuniomba alikuwa Fundi Ergash, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na alikuwa amenyoa ndevu siku ya kazi, nikajua jambo si dogo.

“Robiya, nishonee mfuko wa kuchukua mchanga,” akaniambia. “Uwe na urefu wa mtu kutoka kiunoni mpaka begani.”

“Mchanga wa nini, kaka?”

“Wa kukaa kwenye gari.”

Nilicheka. Yeye hakucheka, basi nikachukua utepe wangu wa kupimia.

Ergash alikuwa fundi wa springi za mbele. Injini aliziweza, breki aliziweza, lakini ukitaja jina lake sokoni watu walisema: ah, yule wa springi. Magari yetu ya zamani, yale mazito ya enzi ya Wasovieti, yana springi mbili nene mbele, moja kila upande, zimebanwa kati ya fremu na mkono wa chini unaoshika gurudumu. Springi ikichoka, pua ya gari inalala, usukani unavuta upande, tairi linalika ukingo mmoja. Mafundi wengine hubadilisha springi, wakakung’uta mikono, wakakuaga. Kwa Ergash hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kulipima gari, na gari hakulipima tupu hata siku moja. Ulitakiwa uje na watu wako, kila mmoja akae pale anapokaa siku zote, ndipo azunguke na fimbo yake ya mforsadi yenye alama za kisu, apime kutoka kitovu cha gurudumu mpaka ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Upande uliolala aliupandisha kwa ringi ya mpira aliyoikata kwenye tairi la lori na kuipachika juu ya springi. Ringi nene, ringi nyembamba, anatoa, anaweka, mpaka gari lenye watu wake lisimame sawa.

Mtaa ulipata burudani kwa kazi hiyo. Tursun, mwuza nyama aliye mwembamba kuliko wateja wake, alileta gari lake, mkewe na mama mkwe wake wakiwa ndani, na Ergash akainama, akapima, akainuka.

“Upande wako umelala, mama.”

“Ni begi langu,” akasema mama mkwe.

“Begi limeshikwa na mke wa Tursun huku kushoto.”

“Basi ni huzuni. Niliye na mkwe kama huyu nina huzuni, na huzuni ina uzito.”

Tulicheka mpaka Tursun mwenyewe akacheka. Ergash aliweka ringi ya huzuni ya mama mkwe, akafunga nati zake, na gari lile likaenda sawa miaka mingi.

Gari lake mwenyewe lilikuwa Volga nyeusi, kongwe kuliko ndoa yake, yenye swala wa bati juu ya boneti. Maharusi wa mtaa wetu walitoka kwao ndani ya Volga ile, na mimi nililetwa hapa ndani yake. Alilipima yeye akiwa kwenye usukani, mkewe Salomat nyuma, na kulia mbele mwanawe Ulmas. Kabla ya Ulmas, Salomat alizika watoto watatu wachanga, na huyu alipozaliwa akaitwa jina hilo, yaani hafi. Kwetu jina la namna hiyo hupewa mtoto ambaye wazazi wake wamechoka kuzika. Tangu alipoweza kukaa bila kushikwa, kiti cha mbele kilikuwa chake, na hata bibi yake hakupewa.

Akiwa na miaka kumi na tisa Ulmas alikwenda Urusi kujenga, kama vijana wote wa hapa. Majira ya kwanza ya baridi alipiga simu, akasema kazi ipo, baridi ipo, nyama ni ghali. Kisha simu ikanyamaza. Ergash alimfuata mwenyewe mpaka huko, akarudi na koti alilokabidhiwa na vijana waliokuwa wakilala naye chumba kimoja. Mwenye koti alikokwenda hawakujua. Hatukupewa maiti, hatukupewa kaburi, na mtu hawezi kusomewa dua ya marehemu kwa sababu ya koti.

Sasa gari lilikuwa limepimwa Ulmas akiwa ndani. Bila yeye, upande wa kulia mbele ulibaki umenyanyuka, kama bega la mtu anayetega sikio. Fundi mwingine angetoa ringi moja, kazi ya asubuhi moja, yakaisha. Ergash alikuja kwangu na habari ya mfuko. Aliujaza mchanga wa mto Sokh mpaka ukafikia uzito wa Ulmas siku aliyoondoka, akauketisha kiti cha mbele, akaufunga kamba, akauvika lile koti. Gari likasimama sawa. Ergash akaingia ndani akanywa chai yake.

Ningeyasahau hayo, maana kila mtu ana kichaa chake na mimi nina changu. Lakini kila mwaka siku ya Navruz, mwaka mpya wetu wa majira ya kuchipua, sisi tukiwa tunakoroga uji wa ngano changa, yeye alikuwa uani anafungua mdomo wa mfuko na kuongeza mchanga. Mara ya kwanza nilipomkuta nilimwuliza anafanya nini.

“Ana ishirini na mbili sasa,” akasema bila kuniangalia. “Mtu habaki na mabega ya miaka kumi na tisa.”

Baadaye mshono ukakaribia kufumuka, nikaitwa niongeze kipande ubavuni. Mfuko ulikuwa umekaa ndani ya koti muda mrefu mpaka umepata tumbo, na mgongo uliopinda kidogo kwenda mlangoni, na Ulmas alikuwa akikaa hivyohivyo. Nilitaka kuunyoosha. Nilipougusa begani, nikaona haya, nikaomba radhi kwa sauti. Nani anauomba radhi mchanga?

Na ile sauti. Alasiri, jua likiondoka uani kwao, springi ya kulia ililia taratibu, ngiii, sauti ya gari mtu anaposhuka. Mimi niliisikia upande wangu wa ukuta, sindano mkononi. Fundi alisema ni chuma kinapoa. Nimesikia vyuma vingi vikipoa maishani mwangu, na hakuna kingine kilichonifanya nisubiri kusikia mlango ukifungwa. Salomat naye alikuwa anasubiri, maana mara nyingi nilimsikia akiacha kuosha vyombo wakati huo, halafu anaendelea.

Maharusi waliacha kuliomba gari. Wa mwisho alikuwa binti wa mtaa wa mfereji, na somo wake aliyekaa naye nyuma alisimulia kila nyumba kwamba kwenye kona yule wa mbele aliegemea kama anavyoegemea mtu, na gari liliponyooka akachelewa kidogo kujirudisha. Baada ya hapo Volga ilisimama uani mwezi baada ya mwezi na abiria wake. Ergash hakumwondoa hata gari lilipokaa bure.

Ergash ana mtoto wa pili, Gavhar, aliyekuwa mdogo kaka yake alipoondoka. Mwaka huu alichumbiwa na mwalimu wa Margilan, kijana mpole mwenye masikio makubwa. Harusi ilipangwa baada ya msimu wa matikiti. Alikuja kwangu nimpime koti la harusi, na nikiwa na utepe kiunoni mwake akaniambia alichokuwa amemwambia mama yake.

“Nataka kutoka na gari la baba, shangazi. Tangu utotoni nilikuwa naangalia wenzangu wakipandishwa pale mlangoni petu. Lakini sitaki kutoka na yule mbele yangu.”

“Mwambie baba yako.”

“Mama amemwambia. Amesema Ulmas hatashushwa kwenye gari lake kwa ajili ya harusi ya mtu. Kama sitaki, nipande gari la wakwe. Na nikipanda gari la wakwe, yeye hatasimama mlangoni kunipa dua.”

Binti wa kwetu akitoka bila dua ya baba, maneno yake hayaishi hata akipata wajukuu. Nilikasirika mpaka nikamchoma kwa pini. Nilikwenda kwa Ergash siku hiyohiyo, nikamkuta chini ya gari la mtu, nikazungumza na viatu vyake.

“Kaka Ergash, una mtoto mmoja anayeondoka.”

“Wawili,” viatu vikajibu.

Wiki iliyofuata, mchana mweupe, springi ikakatika. Gari lilikuwa limesimama, hakuna aliyeligusa. Mimi nilikuwa uani kwao namsaidia Salomat kumenya karoti. Ulisikika mlipuko, kuku wakaruka, na Volga ikapiga goti upande wa kulia, upande wa Ulmas. Vumbi likapanda. Salomat akaliachia beseni.

“Ameingia,” akasema.

Ergash alitoka karakana mbio. Hakuinama kuangalia chini ya gari kama fundi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa abiria, akaufungua wote, akasimama pembeni ameushika, vile unavyomfungulia mtu mlango. Alisimama pale muda mrefu. Mfuko ulikuwa umelalia mlangoni, mkono mmoja mtupu wa koti ukining’inia nje. Sikuona aibu kushika mkono wa Salomat.

Springi za mbele hubadilishwa mbili pamoja, hilo Ergash aliwahubiria wateja miaka yote, maana mpya na kuukuu hazikai sawa. Alizipata kwa mzee anayeuza vipuri vya Volga nyuma ya soko la mbao, jozi iliyokuwa bado na mafuta ya ghalani. Alizigonga moja moja kwa nyundo ndogo akasikiliza mlio, akasimamisha moja kando ya nyingine akaangalia vichwa vyake, akazibeba nyumbani amezikumbatia.

Kuzitoa za zamani si mchezo. Springi iliyobanwa ikiponyoka inaua. Alilinyanyua gari, akaliweka juu ya magogo, akatoa magurudumu na shokapu. Akapitisha mnyororo kwenye springi. Kisha bolti mbili za kikombe cha chini kinachoibeba akazitoa, na mahali pake akaweka bolti ndefu za hesi alizochonga mwenyewe, akaanza kulegeza: mzunguko huku, mzunguko kule, kikombe kinashuka taratibu na springi inajinyoosha ikisaga meno. Tursun mwuza nyama alikuja kushika taa. Ile iliyokatika ilitoka vipande viwili. Pale ilipokatikia, sehemu kubwa ilikuwa nyeusi kwa kutu na sehemu ndogo inang’aa.

“Hii ilianza kukatika zamani,” Tursun akasema, akaigeuza mkononi. “Imebeba mchanga wako usiku na mchana, kaka. Mifupa ya ng’ombe mzee ninaijua, iko hivi.”

“Ni uzee wa chuma.”

“Uzee wa chuma upande mmoja tu?”

Ergash akampokonya kile kipande. “Shika taa, Tursun. Kwa maneno nina mke.”

Springi mpya zikaingia. Wakati wote huo Ulmas alikaa kwenye kiti chake, juu ya magogo, ametazama mbele.

Siku mbili kabla ya harusi ikafika siku ya kupima. Kwa kuwa hakuweza kuwakalisha watu garini kutwa nzima huku akitoa na kuweka ringi, Ergash alitumia mifuko mingine aliyokuwa nayo ghalani, ya unga, aliyoijaza mchanga zamani zilezile alipoujaza wa Ulmas: mmoja wake mwenyewe, mmoja wa Salomat, mmoja wa Gavhar. Aliipanga kila mmoja mahali pake, akalisukuma gari mbele na nyuma springi zikae, akapima. Akaongeza ringi nyembamba kulia. Akapima tena. Likasimama sawa kabisa, kulia na kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu springi ikatike nikamwona uso umelegea.

“Sasa njooni wenyewe,” akasema.

Mifuko mitatu ikashushwa. Tursun akaingia kwenye usukani badala ya Ergash, maana uzito wao ni mmoja. Salomat nyuma kushoto, Gavhar nyuma kulia. Mbele kulia, Ulmas. Gavhar aliingia kwa sababu mama yake alimsihi, na alikaa amefumba macho ili asiuone ule mgongo mbele yake. Mimi nilisimama mlangoni na koti la harusi mkononi. Ergash akapima, akapima tena.

“Linalala kulia.”

“Ni mimi,” Tursun akatania, “nimekula vizuri leo.”

“Wewe uko kushoto.”

Akawashusha, akairudisha mifuko. Gari likasimama sawa. Akaishusha mifuko, akawapandisha watu. Likalala kulia, kidole kizima. Alilitikisa kwa nguvu, akalisukuma uani mpaka kwenye mti wa aprikoti wa jirani na kulirudisha, akakagua nati moja moja. Mifuko: sawa. Watu: kulia. Jasho lilimtoka likadondoka kwenye fimbo. Nilikuwa sijawahi kumwona akishindwa na gari, na haikuwa hasira iliyokuwa usoni mwake, ilikuwa kitu kingine ambacho kilinitisha zaidi.

“Hesabu yangu haina kosa,” akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa anamtazama yule mwenye koti. “Upande huu kuna mtu. Kuna mtu ambaye sikumweka mimi.”

Tursun akaanza kusoma kitu midomoni na mkono wake ukatafuta kitasa cha mlango. Springi ya kulia, mpya kabisa, ikalia ngiii, ileile ya alasiri. Salomat akainama mbele kutoka kiti cha nyuma, akaliwekea lile koti mkono begani, na akasema, polepole kama anavyoamshwa mtoto, “Ulmas?”

“Ni mimi, baba,” akasema Gavhar.

Ergash hakugeuka. “Wewe nimeshakuhesabu.”

Gavhar akafungua mlango akashuka, na gari likajinyoosha likasimama sawa mbele ya macho yetu. Alikwenda pale mifuko mitatu ilipolala, akauchukua ule wake kwa mkono mmoja, akauweka nyongani kama mtu anayebeba kitoto cha jirani.

“Huyu ndiye mimi?” akauliza. “Nilikuwa darasa la pili, baba. Kila Navruz ulimwongezea Ulmas. Nilikuwa nakuletea chai ukimwongezea. Nilikuwa nasimama hapohapo na birika.”

Alisema bila kelele, na ingekuwa afadhali angepiga kelele. Ergash alimtazama. Alimtazama kuanzia viatu, akapanda, akafika kichwani ikabidi ainue macho, maana binti amemzidi urefu. Nilitaka kumsema, maneno nilikuwa nayo tayari mwaka mzima, lakini nilipouona uso wake nikalikunja tu lile koti la harusi.

“Una uzito gani?” akamwuliza.

“Sijui. Hujawahi kunipima.”

Ergash aliiegemeza ile fimbo yake ukutani. Akaenda kwenye mlango wa mbele, akafungua kamba za Ulmas. Tursun akaja kumsaidia, Ergash akamsukuma kando. Aliuchukua mfuko peke yake, mkono mmoja chini ya mgongo, mwingine pale ambapo mtu angekuwa na magoti, akaenda nao akiyumba mpaka kivulini. Salomat alikuwa ameshakimbia ndani akaja na godoro. Wakamlaza. Salomat akalivuta koti likamfunika vizuri.

“Gavhar,” Ergash akasema akiwa bado amepiga magoti, “njoo ukae mbele.”

Alilipima gari upya mpaka magharibi, binti yake amekaa kiti cha mbele na mikono mapajani. Kila alipomaliza kupima upande mmoja alimtupia jicho kupitia kioo, kama anayehofia atakuta kiti kitupu. Sikumwona akitumia mfuko wowote.

Siku ya harusi wanawake walinung’unika, bibi harusi hukaa nyuma kati ya masomo wake, lakini Gavhar alikaa mbele. Baba yake alisimama mlangoni, akainua viganja, akamwombea mpaka sauti ikamkatikia njiani na mullah akamalizia. Volga ikatoka imenyooka, swala wake mbele, na mimi nililia kwa raha nikiwa na tambi mdomoni.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kusaidia kuosha vyombo. Salomat alinishika mkono kabla sijavua viatu, akanielekeza uani. Gari lilikuwa limerudi kutoka Margilan, tupu, na upande wa kulia mbele umenyanyuka. Lilikuwa limepimwa Gavhar akiwa ndani.

“Ataomba mfuko mwingine,” Salomat akaninong’oneza. “Robiya, nakuomba, mwambie turubai limekwisha.”

“Hata angenipa hariri sishoni.”

Ergash akatoka, akaliona. Alilizunguka gari, akasimama upande ule. Kisha akatoa simu mfukoni akapiga, na uani palikuwa kimya kiasi kwamba tulimsikia Gavhar akiitika kwa sauti ya usingizi. Baba yake akamwuliza amelala vipi, chai ya kwao ikoje, mkwe ni mkali? Gavhar akacheka. “Lala basi,” akamwambia, akakata.

Hakuirudisha simu mfukoni. Alibonyeza namba nyingine, moja moja, bila kutafuta popote, ile ambayo hakuwa ameipiga tangu alipoacha kupokelewa. Sauti ya mwanamke ikasema kwa Kirusi kwamba namba hii haitumiki. Ergash alimsikiliza mpaka akamaliza, akamwacha arudie, akamsikiliza tena.

Halafu akamgeukia mkewe.

“Mmoja ameitika,” akasema. “Mama Ulmas, mwite mullah. Kesho tumsomee mtoto.”

Salomat aliketi chini palepale kwenye vumbi na kilio alichokibana miaka kumi na mmoja kikatoka, na Ergash akaketi karibu yake. Mimi nikaenda kutafuta mchele na karoti, kwa sababu kuna wakati mtu wa pembeni anafaa kwa hilo tu. Sufuria kubwa la pilau ya harusi lilikuwa bado halijarudishwa. Tulipika na hilohilo.